Kumtazama Mgonjwa Anayejifunza Kutembea Tena

Sote twajua ya kuwa Bwana wetu alihesabu kuwatazama wagonjwa kuwa kazi atakayotuuliza siku ya mwisho (Mathayo 25). Lakini yuko mgonjwa ambaye juma la kwanza twamwendea kwa wingi, na mwezi wa tatu hatumwendei tena. Ndiye yule ambaye hatari ya kufa imempita, naye amebaki kujifunza upya kuketi, kula na kutembea. Somo hili ni kwa ajili yake.

Katika nchi ya Shinyanga na Geita wagonjwa wa namna hii si wachache. Wako waliopigwa na kiharusi, walioanguka na pikipiki, na walioangukiwa na udongo katika mashimo ya dhahabu. Mwezi wa Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai katika shimo la Nyangarata, Kahama, baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Siku ya kuokolewa watu hukusanyika. Lakini kupona hakuishi siku ile. Aliyevunjika uti wa mgongo huweza kupelekwa Bugando, Mwanza, au hata KCMC, Moshi, hospitali mbili zilizofunguliwa mwaka 1971. Huko hukaa siku nyingi, mbali na watu wake.

Basi, yatupasa kufanya nini tumwendeapo?

Kwanza, tumwulize muuguzi kabla ya kumgusa. Kiungo kilichokufa ganzi hakisikii moto: chupa ya maji ya moto, iliyowekwa miguuni kwa huruma, yaweza kumchoma mgonjwa asijue. Tena asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asije akapata vidonda vya kulalia. Kujifunza kazi hiyo ni zawadi kubwa kuliko machungwa. Mwenye kiharusi asivutwe kwa mkono uliolegea, maana bega huumia. Wala asipewe uji kabla haijajulikana kwamba aweza kumeza vema, usije ukaingia mapafuni.

Pili, tusimnyang'anye kazi yake. Mama aonapo mwanawe akitetemeka na kijiko, moyo wamwambia amlishe. Lakini kijiko kile ni sehemu ya dawa yake. Akae karibu, angoje, na uji ukimwagika aufute pasipo neno.

Tatu, tuchunge ulimi. Wako waketio karibu na kitanda na kunong'ona, "Ni nani aliyekufanyia hivi?" Ndugu, twajua maneno kama hayo yalikofika katika Usukuma. Mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hata kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho hayo yaliharibiwa na moshi wa kupikia kwa mavi ya ng'ombe, kwa kuwa kuni ni haba. Neno lililonong'onwa hospitalini laweza kuwa panga kijijini. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi kimya. Walikosa walipoanza kumtafutia sababu.

Nne, tusikome. Nauli ya kwenda Mwanza ni mzigo kwa mtu mmoja, lakini usharika waweza kupanga zamu. Wengine waende, wengine walime shamba lake na kuwaangalia watoto wake. Naye akikaribia kurudi, tumwandalie njia: kizingiti kisawazishwe, choo kiwekewe mti wa kushikia, na mlango wa kanisa upitishe kiti cha magurudumu. Wale wanne wa Marko 2 walibomoa dari kwa ajili ya mwenzao. Sisi tutashindwa na ngazi mbili?

Maswali ya kujifunza
1. Katika usharika wetu, ni nani aliyetazamwa mwanzoni na sasa amesahauliwa?
2. Kwa nini kumsaidia mgonjwa kupita kiasi kwaweza kumdhuru?
3. Mwinjilisti asikiapo neno la kushuku uchawi karibu na mgonjwa, amjibuje msemaji?