Filamu ya Hali Halisi katika Somo la Maarifa ya Jamii: Kumtazama Jirani bila Kumcheka

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuwaongoza wanafunzi wa Darasa la V au la VI kutengeneza filamu fupi ya hali halisi juu ya kikundi kidogo cha watu wenye ufundi au mapenzi yao ya pekee. Hatuna nia ya kuwageuza watoto kuwa watu wa sinema. Linalotushughulisha ni swali wanalolibeba waendapo kumtazama mtu aliye tofauti nao, maana swali hilo hujenga au hubomoa kazi yote.

Mfano wetu twautoa Marekani. Les Blank alizaliwa Tampa, jimbo la Florida, mwaka 1935, akafariki mwaka 2013. Alijipatia riziki kwa kutengeneza filamu za kutangaza kazi za makampuni, lakini mwaka 1967 alianzisha shirika lake dogo, Flower Films, ili aweze kuwapiga picha watu aliowachagua mwenyewe. Mwaka 1968 alimpiga picha Lightnin' Hopkins, mwimbaji na mpiga gita wa Texas. Mwaka 1976 wanamuziki wa mpaka wa Texas na Mexico. Mwaka 1980 wapenzi wa kitunguu saumu. Mwaka 1984 wachezaji wa polka. Filamu ya kitunguu saumu ilipoonyeshwa, Blank alipenda vitunguu vipikwe humo humo ukumbini ili watazamaji wapate na harufu. Sisi tunaofundisha matumizi ya zana tunamwonea wivu kidogo! Filamu hiyo iliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani.

Lakini inayotufaa zaidi ni ile ya mwaka 1987, yenye dakika 31, iitwayo Gap-Toothed Women, yaani wanawake wenye mwanya. Msomaji wa kwetu huenda akauliza: kuna kioja gani hapo? Katika nchi za Waswahili mwanya ni pambo, na mwenye nao husifiwa. Kumbe huko Marekani watoto wengi hufungwa nyaya menoni ili meno yabanane, na msichana mwenye mwanya aweza kukua akiuficha kwa kiganja kila achekapo. Blank aliwaacha wanawake hao waseme wenyewe. Miongoni mwao yumo Sandra Day O'Connor, aliyekuwa mwaka 1981 mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, na Lauren Hutton, mwanamitindo na mwigizaji. Nao wamewekwa bega kwa bega na wanawake wasio na jina lolote mjini. Mwalimu na atue hapa na darasa lake. Jambo lile lile ni kasoro upande mmoja wa bahari na uzuri upande wa pili. Mtoto akilielewa hilo, ataanza kujihoji kabla ya kumwita jirani yake kichekesho.

Tazama pia jinsi Blank alivyofanya kazi. Alikaa na watu, akala nao, akasubiri. Kwa kawaida hakuweka sauti ya msemaji aliyejificha anayemwambia mtazamaji la kufikiri. Tena alitumia filamu ya milimita 16, ambayo mkebe wake wa futi 400 huisha kwa dakika 11 hivi, na ni ghali. Kwa hiyo alilazimika kutazama sana kabla ya kuwasha kamera. Simu ya leo hailazimishi hivyo. Twashauri basi mwalimu aweke sharti: kila kundi lina dakika 11 tu za kupiga picha, na zikiisha zimekwisha.

Sasa tushuke barazani. Karibu kila mji wa pwani, na mingi ya bara, una wazee wakaao kivulini wakicheza bao. Watoto huwapita kila siku wasiwaone. Mwalimu akiwatuma bila matayarisho, swali la kwanza litakuwa, "Babu, ninyi hamna kazi?" Swali hilo huenda likajibiwa kwa heshima, lakini mlango umekwisha fungwa. Kwa hiyo siku ya kwanza wasichukue chombo chochote. Waende waamkie, waombe ruhusa, wakae, wajifunze mchezo. Bao lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Wakati kete za mkononi zingali zikiingizwa mchezo huitwa namua, na zikiisha huitwa mtaji. Mtoto aliyekwisha shindwa mara tatu na mzee wa miaka sabini hatauliza tena habari ya kazi. Atauliza, "Babu, ulijuaje kwamba nitakula kule?" Hilo ndilo swali la filamu.

Siku ya kupiga picha, kundi moja lishughulikie mikono, la pili nyuso za watazamaji (ambao, kama kila mtu ajuavyo, hucheza kuliko wachezaji), na la tatu sauti peke yake: kete zikigonga mti, utani, ukimya kabla ya pigo kubwa. Sauti isidharauliwe, upepo ukivuma, kitambaa chepesi juu ya kinasa sauti husaidia.

Kuchagua vipande kufanywe darasani, kwa majadiliano, mpaka zibaki dakika nne. Hapa mwalimu awe macho. Watoto watataka kuweka mahali mzee alipopiga chafya au kofia ilipomdondoka. Asikataze tu, awaulize kama mzee mwenyewe angecheka pamoja nao akiona.

Kisha filamu ipelekwe barazani kabla haijaonyeshwa shuleni. Wazee waitazame yote. Akitokea mmoja akasema, "Hapa pananivunjia heshima," kipande hicho kiondolewe siku hiyo hiyo, mbele yake, na watoto wakishuhudia.