SOMO: NYOTA NA VIWIMBI KATIKA MATANGAZO



Wenzetu walioko Chumbageni, Tanga, hupata habari za mashamba yao kwa WhatsApp. Tangazo refu lisilo na alama huchosha macho, na siku ya kupima karafuu huweza kumpita mtu. Tangu mwaka 2016 programu hiyo hufahamu alama hizi:

Neno lililo kati ya nyota mbili, *Jumatatu*, hutokea kwa herufi nzito. Kati ya vistari vya chini, _kavu_, herufi hulala. Kati ya viwimbi, ~Jumapili~, neno hukatwa mstari.

Angalieni sana: nyota ishikane na neno. Mkiacha nafasi baina yake, hubaki nyota tupu.

Siku ikigeuzwa, pelekeni tangazo jipya: ile ya zamani ikateni kwa viwimbi, na mpya itieni nyota. Hivyo aliyesoma la kwanza atajua, asije akavuka bahari bure.

Wala msitie nyota kila neno. Yote yakiwa mazito, hapana zito.

Zoezi: andikeni tangazo la mistari mitatu, mjipelekee wenyewe kwanza, mlitazame.