Ndevu za Miti Si Ugonjwa

Mkulima wa Kinangop au Ol Kalou, bila shaka umeona nyuzi za kijani kilichopauka zikining'inia katika mutarakwa mzee kama ndevu za babu. Watu wengine, wakiona tawi lililokauka limejaa nyuzi hizo, husema ndizo zilizoliua, wakachukua shoka. Ngoja kwanza.

Jina lake la kitaalamu ni Usnea. Nayo si mmea mmoja, bali ni kuvu na mwani mdogo sana wa kijani wanaoishi pamoja. Kuvu hujenga nyumba na kushika maji. Mwani hupika chakula kwa mwangaza wa jua. Simon Schwendener wa Uswisi alieleza habari hii mwaka 1867, na wataalamu wengi walimkatalia. Ukitaka kuitambua, lowesha uzi mmoja, kisha uuvute polepole. Ngozi ya kijani itapasuka, na ndani utaona kamba nyeupe inayonyumbuka.

Usnea haina mizizi. Hunywa mvua na ukungu, wala hainyonyi mti. Hupenda tawi kavu kwa sababu majani yakianguka, mwangaza huingia. Basi ukiona tawi limekufa, tafuta sababu nyingine: mizizi iliyooza, wadudu, au gamba lililotafunwa na mbuzi (na mara nyingi ni mbuzi). Katika miti ya matunda, pogoa matawi makavu tu. Usipoteze fedha kwa kununua dawa.

Huko Uswidi kuna aina ndefu sana, Usnea longissima. Imetoweka mahali pengi kwa kuwa misitu mizee ilikatwa. Huenea hasa kwa vipande vinavyokatika na kuchukuliwa na upepo, navyo haviendi mbali. Ukikata miti yote mizee kwa siku moja, hata ukipanda mingine mara moja, mbegu ya ndevu haipo tena. Moshi wa makaa ya mawe nao uliiua Usnea karibu na miji ya viwanda ya Uingereza.

Kwa hiyo ukihitaji mbao au kuni, kata miti uliyoipanda mwenyewe. Mutarakwa na podo wazee walio kando ya kijito waache wasimame, na miche mipya uipande karibu nao, si upande wa pili wa shamba. Nyuzi zilizoanguka chini waachie chozi. Huzitumia kujengea viota.