SOMO: FAIDA YA MAONYESHO IPIMWE KWA DAFTARI

Kiini cha somo: Chama cha msingi kinachopeleka mazao kwenye maonyesho hutumia fedha za wanachama. Kwa hiyo kina wajibu wa kueleza, kwa tarakimu, fedha hizo zimeleta nini.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina maana pana kuliko duka na ghala. Inahusu pia safari ya kila mwaka ya vyama vingi vya Nyanda za Juu Kusini kwenda Uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane ambayo kilele chake ni tarehe 8 Agosti.

1. Kuonyesha na kuuza

Zamani kulikuwa na sababu ya kutotafuta mnunuzi uwanjani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za mazao na mashirika ya umma kwa bei iliyopangwa na Serikali. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini bei ziliendelea kupangwa kwa muda. Katika hali hiyo, gunia bora liliwekwa mezani ili kupata sifa na cheti, kwa kuwa mnunuzi alikwisha kujulikana.

Hali hiyo ilikwisha biashara ya mazao ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990. Leo chama hushindana sokoni, na mnunuzi lazima atafutwe. Hata hivyo, desturi ya kurudi na cheti bila jina la mnunuzi hata mmoja haijakwisha mahali pote.

Wakati wenyewe unafaa. Mwezi wa Agosti mvua zimekwisha, maharage na mahindi mengi yamekwisha kuvunwa, na mwenye shule, mwenye duka au msagishaji anafikiria akiba yake. Anayefika bandani huuliza mambo manne: kiasi kilichopo, ubora wake, bei, na siku ya kukabidhiwa mzigo. Mjumbe asiyeweza kujibu hayo amepelekwa kutembea.

2. Kabla ya safari

Bodi iweke lengo moja linalohesabika na kulifikisha kwenye mkutano mkuu pamoja na makisio ya gharama. "Kukitangaza chama" ni neno zuri, lakini halihesabiki. "Kupata wanunuzi wawili wa jumla wa tani 15 za maharage" ni lengo.

Sampuli ichotwe katika magunia yaliyomo ghalani. Punje zilizochaguliwa moja moja kwa mkono humvuta mnunuzi mara moja tu. Akiisha kufungua gunia la kwanza, harudi tena.

3. Mfano wa hesabu

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, kwa ajili ya mafunzo. Chama kimoja cha mkoa wa Iringa, chenye wanachama 200, kinapeleka maharage Mbeya. Gharama zake ni hizi:

Nafasi na banda: Sh. 600,000/=
Usafiri wa watu na mzigo: Sh. 350,000/=
Posho na malazi, watu 3 kwa siku 9: Sh. 810,000/=
Vifungashio na sampuli: Sh. 240,000/=
Jumla: Sh. 2,000,000/=

Hii ni Sh. 10,000/= kwa kila mwanachama. Ikiwa kilo moja huuzwa kijijini Sh. 2,500/=, kila mmoja ametoa kilo nne za maharage yake.

Bandani ziliuzwa kilo 200 kwa Sh. 3,000/= kila moja. Meneja akitangaza kwamba maonyesho yameleta Sh. 600,000/=, atakuwa amekosea. Kilo hizo zingeuzwa kijijini kwa Sh. 500,000/=. Kilicholetwa na maonyesho ni tofauti tu, yaani Sh. 100,000/=.

Daftari la wageni lilikuwa na majina 400. Kati yao 12 walitaja kiasi wanachohitaji. Chama kiliwaandikia wote 12 katika muda wa wiki mbili. Watano walijibu, na wawili walinunua: shule moja ya bweni na mwenye duka mmoja. Jumla walichukua kilo 15,000 kwa Sh. 2,700/= kila kilo. Ukiondoa Sh. 80/= za magunia na usafirishaji, na ukiondoa bei ya kijijini, inabaki nyongeza ya Sh. 120/= kwa kilo, yaani Sh. 1,800,000/=.

Basi faida yote ni Sh. 1,900,000/= dhidi ya gharama ya Sh. 2,000,000/=. Chama kimepungukiwa Sh. 100,000/=.

4. Upungufu huo una maana gani?

Mkutano mkuu usiharakishe kulaumu wala kusifu. Wanunuzi hao wawili wakirudi mwaka wa pili kwa barua au simu, nyongeza yao itaandikwa katika hesabu ya maonyesho ya kwanza, kwa sababu huko ndiko walikopatikana. Lakini iandikwe fedha ikiisha kupokelewa. Ahadi si mapato.

Hesabu hiyo pia inaonyesha pa kupunguza. Vyama vitatu vikishirikiana banda moja, kila kimoja kitalipa Sh. 200,000/= badala ya Sh. 600,000/=. Kwa nafuu hiyo pekee, upungufu wa Sh. 100,000/= ungekuwa ziada ya Sh. 300,000/=. Aidha, majina 400 yasimdanganye mtu: waliohesabika ni 12, na waliolipa ni wawili.

Yako manufaa yasiyo ya fedha taslimu. Mjumbe anaweza kujifunza kwa watafiti wa Uyole habari za mbegu za maharage kama Uyole Njano na Uyole 96. Hayo nayo yapimwe: ni wanachama wangapi walizipanda msimu uliofuata, na walivuna kiasi gani? Elimu iliyobaki kwa mjumbe mmoja haikurudi chamani.

5. Taarifa kwa wanachama

Taarifa ya kwanza isomwe mwezi mmoja baada ya maonyesho, na ya pili mwisho wa msimu. Ieleze lengo, gharama, wanunuzi waliolipa, kilo walizochukua na nyongeza ya bei. Ikiwa matokeo ni hasara, isomwe vilevile. Mwanachama anayeambiwa ukweli wa Sh. 100,000/= zilizopungua ataamini siku atakapoambiwa kuwa ipo ziada.

Maswali ya kujadiliwa

1. Chama chenu kilitumia fedha kiasi gani katika maonyesho ya mwisho? Nani anazo stakabadhi?
2. Ni mnunuzi yupi wa sasa aliyepatikana uwanjani?
3. Ni chama gani jirani mnachoweza kushirikiana nacho banda?
4. Ikiwa wanunuzi wa zamani wanatosha kuchukua mazao yote, je, kuna haja ya kwenda mwaka ujao?