WAALIMU WA VYUO VIKUU WANAPOTEMBELEANA, KIJIJI KINAPATA NINI?

Somo la kujadiliana katika kikundi



Somo letu safari hii limetokana na swali la mama mmoja. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji nilichokuwa nikihudumia, wageni walikuja na mizani. Walipima watoto chini ya mwembe, wakatoa damu kidogo kidoleni, wakaandika katika makaratasi yao, wakaenda. Walisema watarudi na majibu. Hawakurudi.

Siku moja mwenyekiti wa kikundi cha akina mama aliniambia, "Mwalimu, mtoto wangu alipimwa kama mbuzi wa mnada. Lakini hata mwenye mbuzi huambiwa bei! Mimi sijaambiwa kitu."

Sikuwa na jibu. Basi mwaka jana ilipokuja barua nyingine, ati mhadhiri wa chuo kikuu cha hapa Kenya atafika na mwenzake kutoka ng'ambo kuuliza juu ya chakula cha watoto, kikundi kiligawanyika. Wengine walisema, "Tusiwafungulie hata mlango." Wengine walisema, "Tukiwafukuza, tutajuaje kinachowasumbua watoto wetu?"

Tuliketi vikao viwili tukilichambua jambo hili. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. KUBADILISHANA WAALIMU NI NINI?

Vyuo vikuu viwili vya nchi mbalimbali hufanya mapatano. Mhadhiri wa huku anakwenda kwao kwa miezi kadhaa, na wa kwao anakuja huku. Wanafundishana, wanatumia maabara pamoja, na wanafanya utafiti pamoja. Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza ushirikiano wa namna hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na waalimu na wanafunzi wa udaktari wamekuwa wakienda na kurudi.

Kwa nini wasifanye kila mtu kwao? Kwa sababu kila upande una upungufu wake. Mgeni anaweza kuwa na mashine ya kupima vitamini katika damu, lakini hajui githeri inapikwaje, wala nani hupakuliwa kwanza nyumbani. Mwenyeji anajua hayo, lakini pengine mashine hana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

2. MFANO WA EMBU

Ushirikiano mmoja uliotuhusu sana ulikuwa Embu. Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, daktari wa watoto, alifanya kazi kwa miaka mingi na Profesa Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Walianza katika miaka ya 1980, katika utafiti mkubwa wa lishe uliofanywa Kenya, Misri na Mexico.

Mwaka 1984 ukame ukaja wakiwa kazini. Waliona jambo ambalo akina mama wengi mtalitambua. Chakula kilipopungua, wazazi walijitahidi kuwakinga watoto wadogo kabisa. Walioumia ni watoto wa shule. Darasani usikivu ulipungua, na hata uwanjani hawakucheza kama kawaida. Mtoto wa shule tunamwona amekua, kumbe bado anajengeka.

Tena waliona kwamba watoto waliokula nyama au maziwa, hata kidogo, walikua na kujifunza vizuri zaidi. Lakini hapo lilibaki swali. Je, ni nyama yenyewe, au ni kwa sababu familia hizo zina uwezo kuliko nyingine?

Ili kupata jibu, walirudi Embu mwaka 1998 na kufanya jaribio katika shule 12 za msingi, na watoto zaidi ya 500 walioanzia darasa la kwanza. Shule ziligawanywa katika mafungu manne:

(a) Fungu la kwanza lilipewa githeri iliyotiwa nyama.
(b) La pili, githeri na maziwa.
(c) La tatu, githeri iliyoongezwa mafuta.
(d) La nne halikupewa chakula shuleni. Familia za fungu hilo zilipewa mbuzi wa maziwa mwishoni.

Mafungu matatu ya kwanza yalipimiwa chakula chenye nguvu sawa, ili mtu asije akasema fungu moja lilishiba kuliko lingine. Kazi iliendelea kwa karibu miaka miwili.

3. WALIPATA NINI?

Kwanza, watoto wote waliopewa githeri, ya namna yoyote, waliongezeka uzito kuliko wale wasiopewa. Kwa hiyo tusidharau mahindi na maharagwe yetu.

Pili, watoto waliokula nyama walikwenda mbele kuliko mafungu mengine yote katika mtihani wa kufikiri kwa kutumia picha. Misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi, na uwanjani walikuwa wachangamfu, tena wenye kuongoza wenzao.

Tatu, maziwa yaliwasaidia kurefuka wale watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa.

Nne, na hili ndilo linaloonyesha faida ya vyuo kushirikiana: wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima damu ya watoto hao. Waligundua kwamba wengi wana upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii huwezi kuipata katika mahindi, maharagwe wala sukuma wiki. Inatoka kwa vyakula vya wanyama: nyama, maini, samaki, mayai, maziwa. Waliokula nyama na waliokunywa maziwa, B12 yao ilipanda.

Angalieni basi. Bila akina mama na waalimu wa shule wa Embu, mashine ya California isingekuwa na cha kupima. Na bila mashine ile, sisi tungeendelea kusema, "Mtoto ameshiba githeri, imetosha."

4. TATIZO LIKO WAPI?

Matokeo ya Embu yaliandikwa katika majarida ya wataalamu, kwa Kiingereza. Wahadhiri waliyasoma, wanafunzi wao walifundishwa. Hiyo ni kazi njema. Lakini jiulizeni: ni vikundi vingapi vya akina mama vilivyosikia habari ya B12? Mimi mwenyewe nilisomea diploma na sikufundishwa habari za Embu. Nilizipata baadaye kwa kuuliza.

Elimu hii imevuka bahari, imekwenda na kurudi, halafu imekwama kati ya chuo na kijiji. Safari ya mhadhiri haijaisha mpaka mama aliyejibu maswali yake apate majibu. Lakini na sisi tuna kosa letu. Wageni wakija tunanyamaza, wakishaenda tunanung'unika.

5. MASWALI MATANO YA KUWAULIZA WATAFITI

Kikundi chetu kilikubali wale wageni waje, kwa sharti kwamba kwanza wajibu maswali haya:

1. Mna kibali? Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2013, mtafiti anatakiwa awe na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Mwombeni awaonyeshe. Kama ni mambo ya kupima miili au damu, awaonyeshe pia idhini ya kamati ya maadili.
2. Mnatafuta nini? Mtueleze kwa lugha tunayoielewa.
3. Je, mzazi anaweza kukataa, au kumtoa mtoto wake katikati, bila kulaumiwa? Jibu ni lazima liwe ndiyo.
4. Damu au maandishi yetu yanakwenda wapi, na nani atayaona?
5. Mtarudi lini na majibu, na nani atatuletea kama mgeni amesharudi kwao?

Maswali manne waliyajibu papo hapo. La tano walitazamana. Yule mhadhiri mwenyeji akasema, "Hili hatukulipanga." Waliondoka, na baada ya wiki tatu wakarudi na barua yenye mwezi wa kurudi na jina la mtu wa chuo atakayehusika. Siku ya kupima, uzito wa kila mtoto ulisomwa kwa sauti mbele ya mama yake na kuandikwa katika kadi ya kliniki. Yule mwenyekiti alinitazama akasema, "Leo nimeambiwa bei."

Mwezi ule wa majibu bado haujafika. Barua tunaitunza pamoja na daftari la akiba.

6. LA KUFANYA SASA

Tusingoje wageni. Yale ya Embu tunaweza kuyatumia leo. Vikundi vingi vinafuga kuku na mbuzi, lakini mayai yote na maziwa yote yanakwenda sokoni. Uzeni, kwa maana pesa zinahitajika, ila kila familia iweke kando kidogo kwa watoto, na wa shule pia. Omena kidogo waliosagwa, au vipande vichache vya maini au nyama ya sungura katika githeri, si mpaka sikukuu. Maziwa yachemshwe kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, watafiti wamewahi kufika kwetu? Tulipata majibu? Kama hatukupata, nani atakwenda kuyauliza?
2. Wakati wa njaa, nani nyumbani kwetu hula kidogo zaidi?
3. Kwa juma moja, kikundi chetu kinauza mayai mangapi, na watoto wetu wanakula mangapi?
4. Mhadhiri akija kesho, sisi tunajua nini juu ya chakula chetu ambacho yeye hajui?

Swali la tatu hesabuni kwa kweli, mwandike katika daftari. Mkikutana mwezi ujao, hesabuni tena muone kama kuna tofauti.