Kuilinda Mizizi ya Mti Mkongwe Wakati wa Kuchimba Mtaro

Swali: Mtaro wa bomba la maji utapita karibu na mwembe mkongwe. Je, mizizi yake italindwaje?

Jibu: Mizizi mingi ya mti mkubwa haiendi chini sana, bali hutambaa katika sentimita 60 za juu za udongo, ambamo hewa na maji hupatikana kwa urahisi, na mara nyingi huvuka ukingo wa kivuli cha matawi. Kwa hiyo hata mtaro wa kina cha nusu mita waweza kukata sehemu kubwa ya mizizi kwa siku moja, ilhali dalili za kunyauka huenda zikaonekana miaka kadhaa baadaye.

Hatua ya kwanza ni kutenga eneo la hifadhi ya mizizi, yaani mduara ambao ndani yake mashine haziruhusiwi kuchimba wala kuegeshwa. Kiwango cha Uingereza cha BS 5837 huzidisha kwa 12 kipenyo cha shina, kinachopimwa mita 1.5 kutoka ardhini, ili kupata nusu kipenyo cha mduara huo. Shina la sentimita 60 huhitaji mita 7.2.

Bomba lisipoweza kupitishwa nje ya mduara, hupenyezwa chini ya mizizi kwa mashine ya kutoboa ardhi bila kufungua mtaro. Hilo likishindikana, uchimbaji hufanywa kwa mikono, mizizi yenye unene wa milimita 25 au zaidi ikiachwa mizima na bomba likipita chini yake, huku ile iliyo wazi ikifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa hadi udongo urudishwe.