SOMO: TUANDIKE TUNAYOYAONA



Sote tuna daftari ya pesa. Kila shilingi inayoingia na kutoka inaandikwa, na mweka hazina huulizwa. Lakini chemchemi tunayoteka maji, miti ya kando ya mto na wadudu wa shambani, habari zao zinaandikwa na nani? Tunasema tu, "Zamani mvua ilikuwa nzuri." Zamani gani? Nzuri kiasi gani? Na mzee anayejua majina ya miti akituacha, majina nayo yanaenda kaburini.

Kujua viumbe si kazi ya wasomi peke yao. Tutazame wenzetu wa Kilifi, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Miaka ya tisini mwanzoni, majirani wengi waliuona msitu huo kama shamba walilonyimwa. Mwaka wa 1993 mradi wa Kipepeo ulianzishwa pale Gede. Wakulima hufuga viwavi wa vipepeo wa msituni, kisha huuza pupa, yaani kile kifuko anamogeuka kiwavi kuwa kipepeo. Pupa hao husafirishwa hadi nyumba za maonyesho ng'ambo.

Siri ya kazi hiyo ni kuangalia kwa makini. Kipepeo hatagi mayai ovyo. Kila aina ina mimea yake. Ukimpa kiwavi jani lisilo lake, atakufa njaa. Kwa hiyo mkulima lazima ajue kiwavi yupi anakula mti upi, na mti huo uwe bado umesimama. Hapo ndipo msitu ulipoanza kulipa karo bila kukatwa.

Ujuzi huu huokoa pia chakula. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka wa 2017, wengi walidhani ni wale wadudu wa mahindi waliozoeleka. Lakini mdudu huyu ana alama: usoni ana mistari kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba. Anayeijua alama humtambua mapema, kabla shamba halijaisha.

Basi tuanze hivi:

1. Tununue daftari moja ya kikundi. Tuandike tarehe, mahali, jina la kitu kwa lugha ya nyumbani, kilichoonekana, na nani aliyekiona.

2. Tupime mvua. Mkebe wenye upana sawa juu na chini uwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi saa tatu tupime maji kwa rula, tuandike milimita, halafu tumwage. Siku isiyo na mvua tuandike sufuri.

3. Mmea tusioujua, tukate kitawi chenye majani na maua au matunda. Tukikandamize kati ya magazeti, na tubadilishe magazeti mpaka kikauke. Makumbusho ya Taifa kule Nairobi wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na wataalamu wa kuitambua.

4. Habari za miti ya dawa tuziweke katika daftari ya pekee. Kwanza tuwaombe ruhusa wenye ujuzi, kisha tukubaliane nani ataisoma. Mgeni asiinakili hivi hivi tu. Iko sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda ujuzi wa jadi wa jamii.

Tusichoke mapema. Daftari ya mwezi mmoja haisemi mengi. Ya miaka mitano itatuonyesha kama mvua za masika zinachelewa kweli, na chemchemi hupungua mwezi gani. Tukienda kwa chifu au ofisi ya maji, hatutakwenda na malalamiko matupu.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Ni mti gani uliokuwa mwingi hapa kwetu na sasa ni adimu? Nani anakumbuka ulivyotumika?
- Nani kati yetu ana mwandiko mzuri, na nani ana macho makali? Wapewe kazi pamoja, kijana na mzee.
- Daftari itakaa kwa nani, na tutaisoma pamoja lini?